Kutu ya Upande wa Kushoto

Jumamosi, 6 Aprili 2024

Leo nimebadilisha tairi za gari la Baba. Za misumari, za barafu, zimekwenda stoo, za kiangazi zimefungwa. Mgongo unauma, mikono inanuka kutu, na nimejawa na furaha ya kijinga. Jua limewaka kutwa nzima! Theluji imebaki kidogo tu nyuma ya sauna.

Lakini diski za breki — mama yangu! Nimevua gurudumu la nyuma kushoto nikaguna. Uso wa nje unang'aa vizuri. Nikapitisha kidole upande wa ndani: kutu nene, ya matabaka, yenye mifereji. Nikahamia gurudumu la kulia. Safi nje, safi ndani. Gari lile lile, barabara ile ile, chumvi ile ile inayomwagwa barabarani majira yote ya baridi. Miaka thelathini na moja gerejini imenifundisha kwamba kutu haipendelei upande mmoja bila sababu.

Baba alikuja na kikombe chake cha kahawa, akachungulia, akasema ni mambo ya umri. Nikamwuliza umri wa nani. Akarudi ndani.

Natania, lakini moyo haujatulia. Jumatatu ya Pasaka, mezani, mdogo wangu Ilpo alimwambia Baba kwamba mtu wa miaka sabini na tisa hana haja ya gari. Duka liko mita mia sita. Baba akapandwa na hasira, akanyoosha mkono juu ya sahani ya nyama ya kondoo: gari lisipopita ukaguzi wa mwezi huu, ufunguo ni wa Ilpo, na leseni anairudisha mwenyewe. Wakashikana mikono. Mimi ndiye shahidi. Baba akishatoa mkono, hata Mungu hawezi kumrudisha nyuma.

Ukaguzi ni tarehe 26. Kwa breki hizi, gari halipiti.

Na kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: pale mezani nilinyamaza kwa sababu nusu yangu ilikuwa upande wa Ilpo. Mzee peke yake barabarani, macho yale, masikio yale. Ndiyo. Nusu yangu.


Jumapili, 7 Aprili

Nimemwambia Baba alilete gari gerejini kesho, libaki hadi nijue tatizo. Kubaki, akasema, sawa, lakini Jumanne analihitaji. Jumanne ana shughuli. Na Ijumaa pia. Shughuli gani? Kwaya.

Baba. Kwaya. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akimwomba asiimbe hata kwenye sauna.


Jumatatu, 8 Aprili

Gari liko juu ya lifti na mimi niko chini yake, nafurahi kupita kiasi. Napenda kazi za namna hii. Wengine hufumbua mafumbo ya gazeti, mimi nafumbua breki.

Niliingia na jibu tayari mkononi. Hapa Ufini hakuna anayefunga breki ya mkono majira ya baridi. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha: kuanzia baridi ya kwanza hadi sikukuu ya Mei Mosi, gari liache kwenye gia, usiguse breki ya mkono, itaganda na asubuhi hutatoka. Sote tunafanya hivyo. Kwa hiyo kila Aprili napokea magari ambayo breki ya mkono imeganda si kwa barafu bali kwa kutu, kwa kukaa nusu mwaka bila kuvutwa. Nikasema: ni hiyo. Hata sikulifikiria mara mbili.

Nikavuta waya. Ukateleza! Laini, umerudi wenyewe. Mkono wa chuma nyuma ya kalipa — lile koleo linalobana pedi kwenye diski — unacheza kama mpya. Breki hii ya mkono imekuwa ikivutwa. Mara nyingi. Majira yote ya baridi.

Basi pini ambazo kalipa hutelezea? Nilizitoa, zina grisi safi. Pistoni? Inaingia na kutoka. Mpira wa mafuta? Mzima. Nilikaa kwenye ndoo nikala mkate wangu nikiitazama ile diski, na ndipo nikaiona alama. Juu ya kutu kuna umbo la pedi. Umbo kamili, kingo zake zote, limechorwa vizuri kabisa. Na pembeni lingine, na lingine, yamepandana.

Alama kama hiyo ina maana moja tu: diski iliyolowa, pedi zimeibana, na gari limesimama hapo kwa saa nyingi. Mara kwa mara. Kushoto tu.

Nilimpigia Baba, nikamwuliza kama anafunga breki ya mkono. Akasema, kwani nani alimfundisha nani? Na akakata simu. Hilo si jibu.


Jumanne, 9 Aprili

Saa tatu kamili asubuhi Baba mlangoni, amenyoa, amevaa koti la kitambaa. La kwaya! Gari lake bado limefunguliwa, nikampa langu. Alilichukua bila hata kunung'unika juu ya rangi yake.

Amerudi saa kumi na mbili jioni. Anapiga mluzi.


Jumatano, 10 Aprili

Nimecheka peke yangu uani hadi mbwa wa jirani akabweka.

Asubuhi nilienda kuchukua gari langu kwa Baba. Mlango wa kulia, safi. Nikazunguka: upande wa kushoto wote, kuanzia taa hadi taa, una ukungu mweupe mkavu. Chumvi ya barabarani hurukia pande zote mbili. Hii imekuja kwa upepo. Basi nikafanya ambalo mwanamke wa miaka hamsini na nne hafanyi mbele za watu: nikaramba kidole. Bahari.

Nikapiga magoti, nikamulika tochi kati ya mbavu za gurudumu la nyuma kushoto. Diski zangu! Jana asubuhi zilikuwa zinang'aa. Leo kutu changa, nyekundu, na katikati yake umbo la pedi. Siku moja tu! Mita imeongezeka kilomita mia moja na ishirini na nne.

Hesabu haikunichukua muda. Nani anayevuta breki ya mkono wakati huu wa mwaka? Aliyeamriwa. Na wapi tunaamriwa? Kwenye kivuko cha visiwani, kile cha njano, pale mlingotini kuna kibao kikubwa: zima injini, funga breki ya mkono. Kuvuka ni bure, hakuna tiketi ya kusahau mfukoni. Mzee amejipanga.

Ila kivuko ni dakika kumi. Alama ile ni ya saa nyingi. Anasimama wapi?


Alhamisi, 11 Aprili

Nilikwenda kwake jioni. Nilimwacha amimine kahawa, nikauliza tu, kwa upole, ni kisiwa gani.

Aliosha kikombe kilichokuwa safi tayari. Akakikausha. Akakiosha tena.

"Anaitwa Gunvor," akasema, bado amenipa mgongo. "Na usicheke, Raili."

Sikucheka. Yaliyofuata yametoka kidogokidogo, kama kung'oa skrubu kongwe: mjane, miaka sabini na minne, aliuza mkate mweusi sokoni Turku vuli iliyopita, Baba akanunua mikate minne na yeye mwenyewe hali mkate. Na ni Mswidi! Yaani wale wa kisiwani, wanaoongea Kiswidi. Baba ambaye kwa miaka arobaini taarifa ya habari ya Kiswidi ikianza alikuwa anainuka kwenda kukata kuni! Sasa kwenye droo ya gari kuna vikaratasi, maneno ya Kiswidi kwa mwandiko wake mkubwa. Daraja. Kikombe. Umependeza.

Nilimwuliza kwa nini hajamwambia Ilpo; Ilpo angeelewa gari ni la nini. Hapo alikaza uso. Alitoa mkono juu ya gari, si juu ya moyo wake. Gari likipita, atasema. Lisipopita, atashuka kwenye hilo gari bila kuhurumiwa na mtu. Na mimi nisifungue mdomo.

Nimeahidi. Sasa mimi pia nimebanwa pande mbili.


Ijumaa, 12 Aprili

Amekwenda "kwaya" kwa gari langu. Mimi nimelia kidogo stoo, kati ya tairi. Mama amefariki miaka sita sasa. Si kwamba nina kinyongo. Ni kwamba nilizoea kudhani furaha ya Baba imekwisha, na kwamba kazi yangu iliyobaki ni kuangalia asianguke. Nilimfungia hesabu mapema. Naona aibu.

Na nina furaha! Jamani. Baba ana mtu.


Jumamosi, 13 Aprili

Nimempata mchawi! Si pini, si pistoni. Pedi yenyewe.

Pedi ina masikio mawili ya chuma, yanakaa ndani ya fremu na kuteleza mbele na nyuma. Kutu ilikuwa imevimba chini ya vibati vya fremu, upande wa ndani, hadi masikio yakabanwa kabisa. Nilipiga kwa nyundo kuitoa. Pedi ya ndani ilikuwa imekwama mahali pake: ukikanyaga breki haifiki kwenye diski inavyopaswa, diski haisuguliwi, kutu inastawi, kutu inazidi kuvimba. Pedi ya nje peke yake ndiyo ilikuwa inafanya kazi ya mbili. Kwa majuma mangapi amekuwa akishuka na hili kwenye mteremko wa kuingilia kivuko!

Nimekwangua fremu kwa brashi ya waya hadi chuma cheupe. Vibati vipya, diski mbili mpya za nyuma, pedi nne mpya. Lazima kushoto na kulia pamoja, ukibadilisha upande mmoja unajidanganya. Grisi kidogo sana kwenye masikio. Nimefanya polepole, kama naandaa maiti — hapana, kama naandaa bwana harusi. Nani kanipa mfano wa maiti!

Kazi haijaisha lakini. Diski mpya na pedi mpya lazima zizoeane, zisuguane kilomita kadhaa, ndipo zishike sawa. Gerejini kwangu hakuna mashine ya kupima. Kituo cha ukaguzi kinapima nguvu ya kila gurudumu, na kushoto kukipishana sana na kulia, hapo hapo limefeli. Naweza kuhisi kwa mguu. Mguu si mashine.


Jumanne, 16 Aprili

Nimefika kisiwani!

Nilimwambia Baba kama fundi ni lazima nikae kando yake nisikilize breki. Ni kweli. Pia nilitaka kuona anavyoendesha. Anaendesha vizuri kuliko mimi. Mara moja tu alikata kona bila kuwasha taa, na hiyo ni kwa sababu alikuwa ananisimulia jinsi Gunvor anavyomfukuza korongo kwenye paa. Kwenye mteremko wa kivuko alishuka kwa gia ya kwanza, taratibu, kama zamani alipokuwa akibeba maziwa kwenye lori. Mabega yangu yalishuka yenyewe.

Bi Gunvor ni mfupi, ana buti za mpira na sauti ya nahodha. Kifini chake kinachechemea, na Kiswidi cha Baba ni cha kutisha. Wanaelewana kabisa. Alinishika mikono yote miwili, akaitazama ile kutu chini ya kucha, akamwambia Baba jambo. Baba akanitafsiria kwamba kasema hii ni mikono ya kuaminika. Au mikono michafu. Hana hakika.

Kisha nikaona kwa macho yangu chanzo cha ugonjwa. Kila Jumanne na Ijumaa wanashuka hadi gatini na kusimamisha gari kwenye mteremko, wanakunywa kahawa ya chupa na kutazama meli. Kwa saa tatu, hata nne. Mteremko, kwa hiyo breki ya mkono. Gati, kwa hiyo mawimbi yanapiga mawe na upepo unarusha maji, na yote yanatua ubavu wa kushoto, upande wa usukani.

Nilijifanya mjuzi. Nikamwambia Baba ni rahisi tu, siku nyingine ageuze gari, upande wa kulia nao upate maji, kutu igawane.

Akanitazama kama vile nimesahau kila kitu alichowahi kunifundisha.

"Kulia ndiko anakokaa Gunvor," akasema. "Akifungua mlango huko, upepo utamchukua. Na atalowa."

Nilikaa kiti cha nyuma nimeshika kikombe changu. Miezi sita. Mara mbili kwa juma. Nilikuwa nimeisoma hiyo kutu kwa tochi na kwa kidole, nikadhani najua yote iliyoyasema.


Jumapili, 21 Aprili

Ilpo kapiga simu. Kapata mnunuzi tayari, mfanyakazi mwenzake, analitaka gari kwa vipuri. Atakuja mwenyewe Ijumaa kutoka Helsinki, ashuhudie. Aliongea taratibu, kwa huruma, na hilo ndilo lililoniudhi: si mtu mbaya, mdogo wangu, analala vibaya akimfikiria Baba barabarani. Nilikuwa hivyo hivyo majuma mawili yaliyopita.

Akaniuliza breki zikoje. Nikasema nimefanya niwezalo. Akasema najua, dada, si kosa lako. Nilitaka kumrushia simu.


Alhamisi, 25 Aprili

Kilomita mia nne na kumi tangu Jumamosi ile. Nimemfanyisha Baba mazoezi kwenye barabara ya mashamba: kanyaga, achia, kanyaga, achia, hadi ng'ombe wakatuzoea. Diski za nyuma zinang'aa nje na ndani, kushoto na kulia. Zinasimama sawa. Nadhani zinasimama sawa. Kuna mvuto mdogo kulia nikikanyaga kwa nguvu — au barabara imeinama. Nimepita mara nne. Mara mbili upo, mara mbili haupo!

Baba ananyoa sasa hivi. Jioni, siku moja kabla. Hajasema anaogopa. Ameuliza tu kama vivuko vinachukua abiria wa miguu, na kama kutoka gatini upande wa pili kuna basi hata siku za juma. Alikuwa amekwisha kuyatafuta hayo yote. Kikaratasi kilikuwa mezani. Basi ni moja, asubuhi, na linarudi baada ya dakika arobaini.

Dakika arobaini. Nilimkumbatia. Hakuzoea, alinipigapiga mgongoni kana kwamba nimepaliwa.


Ijumaa, 26 Aprili

Naandika hapa hapa, kituo cha ukaguzi, daftari juu ya goti. Mikono ikikaa bure itanitia wazimu.

Mkaguzi ameingiza gari ukumbini. Kupitia kioo naona magurudumu ya mbele yamepanda kwenye rola za kupimia breki. Baba yuko nje, anazunguka uwanja, mikono nyuma. Hataki kutazama.

Ilpo kaja, kwa suti, na bahasha ya karatasi za mauzo. Kanibusu shavuni, kakaa kwenye benchi.

Na sasa hivi — nimeacha mdomo wazi — mlango umefunguka na ameingia Bi Gunvor! Peke yake. Buti za mpira, kilemba cha maua, kifurushi cha mkate kifuani. Amekuja kwa lile basi la asubuhi. Baba hajui, alikuwa nyuma ya jengo. Ameniona, ameweka kidole mdomoni, amekwenda kukaa karibu na Ilpo. Ilpo kampisha nafasi kwa adabu. Hajui ni nani.

Ya mbele yamepita, nadhani. Mkaguzi hajakunja uso. Wanasogeza ya nyuma.

Ilpo huwa hakai kimya akiwa na wasiwasi. Anamsimulia mama wa watu kila kitu. Kwamba ni gari la baba yake, kwamba mzee ni mkaidi, kwamba eti analihitaji kwendea dukani, na duka liko mita mia sita!

Bi Gunvor ametafuta maneno ya Kifini, moja moja.

"Inategemea," amesema, "nani yuko dukani."

Ilpo amecheka, kwa heshima. Amempa mkono, amejitambulisha. Amekatiwa kipande cha mkate. Anakula! Anausifu!

Magurudumu ya nyuma yako kwenye rola. Yanazunguka. Kwenye ukuta kuna mishale miwili, kushoto na kulia, inapanda. Kutoka hapa siwezi kusoma namba. Inapanda pamoja? Kichwa cha mkaguzi kimeziba. Sogea, bwana wewe!

Baba ameingia. Amesimama mlangoni. Amevua kofia. Sijawahi kuona uso wa Baba ukiwa hivyo, hata kwenye picha za zamani. Amenipita mimi, amepita meza ya mapokezi, amekwenda moja kwa moja hadi kwenye benchi.

"Sogea kidogo, Ilpo," amesema. "Hapo ni pangu."

Ilpo amesogea, mkate mdomoni. Anamtazama Baba, anatazama mkono wa Baba ulipo, juu ya mkono wa Bi Gunvor, ananitazama mimi. Nimeinamisha kichwa, naandika.

Mlango wa ukumbi umefunguka. Mkaguzi ana karatasi mkononi, anaita namba ya gari. Anaita tena. Benchini hakuna hata mmoja anayegeuka.